Kijana wa Tangier Alipofika Kilwa

Wanafunzi wetu wanapoifikia karne ya 14 katika somo la historia, hukutana na jina la Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco aliyezuru Mogadishu, Mombasa na Kilwa. Wengi wao humwazia kuwa mzee wa ndevu nyeupe, kalamu mkononi, akiandika kila alionalo. Sivyo alivyokuwa. Aliyeshuka jahazini Kilwa mnamo mwaka 1331 alikuwa kijana wa miaka 27, na habari tuzisomazo leo zilisimuliwa zaidi ya miaka 20 baada ya siku hizo. Sisi tunaofundisha Kiswahili mbali na bahari, ambao wanafunzi wetu huijua pwani kwa kusoma tu, yafaa tulitazame jambo hili kwa makini, maana mengi tuyasemayo juu ya pwani ya karne ile yamesimama juu ya kumbukumbu za kijana huyo.

Alizaliwa Tangier mwaka 1304, katika ukoo wa makadhi. Mwezi wa Juni 1325, wazazi wake wote wawili wakiwa hai, aliwaaga akatoka peke yake kwenda kuhiji Makka. Msafara aliofuatana nao ulipofika Tunis, wenyeji walitoka kuulaki, huyu akimwamkia yule. Yeye hakuamkiwa na mtu, kwa kuwa hapakuwa na aliyemjua. Akalia, mpaka msafiri mmoja alipomwendea na kumliwaza. Lakini ujana hauchelewi kupona. Mjini humo humo alifanywa kadhi wa msafara, na kabla hajafika Misri alikuwa amekwisha kuoa, akagombana na mkwewe, akaacha, akaoa tena na kuwafanyia wenzake karamu.

Huko Alexandria shehe mmoja alimwambia kwamba anamwona ni mpenda safari, akamwagiza awasalimie ndugu zake watatu: mmoja Bara Hindi, mmoja Sind, na wa tatu Uchina. Kijana hakuwa amewaza nchi hizo kamwe. Toka hapo, hija ikawa ni mwanzo tu wa safari. Akajiwekea desturi ya kutoipita njia moja mara mbili, kadiri iwezekanavyo.

Mtu atauliza: kijana wa miaka 21 aliwezaje kuizunguka dunia? Vijana wa siku hizi waendao ng'ambo huanza kwa kutafuta pasipoti na nauli. Yeye alianza na lugha. Kiarabu na elimu ya sheria vilimfungulia milango ya makadhi, ya madrasa na ya masultani, na kila mlango ulikuwa na chakula na malazi. Palipokuwa na mlango huo aliona mengi. Palipokosekana, aliona machache.

Tumfuate basi pwani. Kutoka Aden alivuka hadi Zeila, mji uliomchukiza kwa uvundo wa samaki na wa damu ya ngamia waliochinjwa vichochoroni, hata akaona heri kulala chomboni ingawa bahari ilichafuka. Baada ya siku 15 baharini alifika Mogadishu. Hapo simulizi lake linanona. Vijana wa mji waliziendea jahazi kwa mashua ndogo, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, akamkabidhi mfanyabiashara mmoja na kutangaza kwamba huyu ni mgeni wangu. Aliandaliwa wali wa samli na vitoweo vyake, ndizi mbichi zilizopikwa katika maziwa, achari ya ndimu, tangawizi mbichi na maembe. Anaongeza, pasipo kumung'unya maneno, kwamba mtu mmoja wa mji huo hula chakula cha kundi zima la watu wa kwao.

Mombasa alilala usiku mmoja tu. Alitambua kwamba nafaka ililetwa kisiwani kutoka kwingine, na kwamba chakula kikuu cha watu kilikuwa ndizi na samaki. Aliona misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, na penye milango yake visima ambapo watu walichota maji wakanawa miguu kabla ya kuingia, kwani walitembea pekupeku. Mwanahistoria angetamani habari za watawala na kodi. Kijana aliangalia miguu, nasi leo tunamshukuru kwa hilo.

Kilwa aliisifu kuwa miongoni mwa miji mizuri kabisa, akasema imejengwa kwa mbao. Hapa pana mgogoro. Katika miaka ya 1960 wachimbaji wa mambo ya kale wakiongozwa na Neville Chittick walifukua Husuni Kubwa, jumba la mawe ya matumbawe lenye vyumba zaidi ya mia na birika la pembe nane, na humo likapatikana jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule yule aliyemkaribisha msafiri wetu. Juu ya jumba hilo hasemi lolote. Alichokishika ni ukarimu wa sultani: maskini mmoja kutoka Yemen alimwomba nguo alizovaa, naye akamvulia. Mwana wa sultani akazikomboa kwa watumwa kumi, na baba akaongeza watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Mwalimu asiipite hadithi hii kwa kuusifu ukarimu peke yake. Watu 20 walitolewa kama bidhaa kwa ajili ya kanzu, na msimulizi haoni la kushangaza.

Kwetu walimu wa lugha, uko ukimya mwingine ulio mzito zaidi. Nchi aliyoipita anaiita kwa neno Sawahil, ndilo asili ya jina la lugha tuifundishayo. Mogadishu anataja kwamba sultani alisema lugha ya mji wake na Kiarabu alikijua. Mombasa na Kilwa hataji lugha ya wenyeji hata kwa neno moja. Alipita katikati ya wasemaji wake, akala chakula chao, wala hakutuachia salamu yao moja. Kutoka Kilwa alipanda jahazi kwenda Dhofar.

Kitabu chake kilipatikana vipi? Mwaka 1349 alirudi kwao baada ya miaka 24, akiwa amekuwa kadhi huko Delhi na visiwa vya Maldives, na amefika Uchina. Baadaye alikwenda pia Mali. Ndipo Sultani Abu Inan alipoamuru safari zake ziandikwe, naye akamsimulia mwandishi Ibn Juzayy, kazi ikaisha mwezi wa Desemba 1355. Baadhi ya maandishi yake ya njiani yalikuwa yameporwa na maharamia katika Bahari ya Hindi. Na Ibn Juzayy naye alijaza mahali kadhaa kwa maneno ya Ibn Jubayr, msafiri wa karne ya 12. Twaona basi kwamba ukurasa wa Kilwa usomwe darasani kama ushahidi wa mtu mzima anayeukumbuka ujana wake, si kama taarifa ya karani.

Gharama ya ujana huo vitabu vya shule haviigusi. Mwaka 1326 alipotoka Damascus alimwacha mke mwenye mimba. Akiwa Bara Hindi alipata habari kuwa amezaliwa mtoto wa kiume, akampelekea babu ya mtoto dinari 40 za dhahabu. Mwaka 1348 alifika tena Damascus, akaulizia mwanawe. Akaambiwa amekufa miaka 12 iliyopita. Mjini humo alipewa na habari ya baba yake: amefariki miaka 15 nyuma. Akashika njia ya magharibi, na alipofika Taza, karibu kabisa na nyumbani, akapata habari kwamba mama yake ameuawa na tauni. Alikwenda Tangier kuzuru kaburi lake, kisha akaendelea hadi Ceuta, na kutoka huko akavuka bahari kwenda Andalusia.