Uhamaji, Uhamiaji na Ndege wa Gramu Tisa

Uwanja wa ndege wa Kigali upo Kanombe, wilayani Kicukiro, na hapo Kiswahili kinakutega mapema. Ukisema ndege imetua, umetaja chombo cha RwandAir. Ukisema ndege ametua, umetaja kiumbe mwenye manyoya. Ikifika Oktoba, huyu wa pili naye huwa ametoka Ulaya, tena bila pasipoti.

Jina lake la kisayansi ni Phylloscopus trochilus. Neno la kwanza ni la Kigiriki, maana yake mtazama-majani, na aliyelitunga alikuwa na jicho zuri. Hapo karibu na uwanja, kwenye bustani ya ardhioevu ya Nyandungu iliyofunguliwa mwaka 2022 mpakani mwa Kicukiro na Gasabo, utamwona akikagua mgunga jani baada ya jani, akiinamia upande wa chini na kudonoa vidukari. Mgongo wake ni kijani kilichopauka, tumbo lina umanjano hafifu, na juu ya jicho pana mstari wa rangi ya maziwa. Uzito wake ni gramu 9 hivi, sawa na vijiko viwili vya chai vya sukari.

Sasa tumwite nani? Magazeti mengine huandika ndege mhamiaji, mengine mhamaji, na wapo wanaoandika ndege wanaohamahama. Hili la mwisho silikubali hata kidogo. Anayehamahama hufuata malisho, leo huku kesho kule. Huyu anajua anakokwenda. Kinda wa miezi michache huondoka usiku bila wazazi kumwonyesha njia, akisaidiwa na nyota na usumaku wa dunia, na anafika. Wenzake wa Siberia ya mashariki husafiri zaidi ya kilomita 10,000 hadi Afrika ya mashariki na kusini, na hiyo ni safari ya kwenda tu.

Mhamiaji nalo lina kasoro, imo katika kile kiambishi -i-. Kuhama ni kuondoka; kuhamia ni kuondoka na kwenda kukaa mahali fulani. Ndiyo maana ofisi inayogonga mihuri Dar es Salaam huitwa Uhamiaji: jicho lake liko mlangoni, kwa anayeingia. Kinyarwanda kina mnyambuliko huohuo, kwimuka na kwimukira, na wahamiaji huitwa abimukira. Lakini ofisi ya Kigali haikutumia neno hilo. Inajiita ya Abinjira n'Abasohoka, yaani wanaoingia na wanaotoka. Sisi tulichukua nusu ya safari, jirani akachukua safari nzima.

Na safari nzima ndiyo kiini cha istilahi hii. Mkataba wa Bonn wa 1979 kuhusu wanyama wanaohama unataka mambo mawili: wavuke mipaka ya nchi kwa mzunguko, na mzunguko huo uweze kutabirika. Mtazama-majani ametimiza yote mawili. Mwezi Juni yuko kwenye misitu ya mibetula ya kaskazini, ambako mchana ni mrefu na viwavi ni tele, akilea makinda katika kiota cha nyasi chini kabisa ardhini. Baridi ikikaribia na wadudu wakipungua, anaondoka. Kati ya Machi na Aprili anaaga Afrika na kurudi, akiwa amebadili manyoya yake yote kwa mara ya pili katika mwaka, jambo ambalo ndege wachache sana hulifanya. Ukihesabu miezi, huku kwetu anakaa muda mrefu kuliko huko alikozaliwa. Sijui kwa nini tumwite mgeni.

Neno la kuziba pengo tunalo, tena la zamani. Msimu limetoka kwa Kiarabu, na mabaharia wa pwani walilifahamu kama wakati wa pepo: kaskazi ilileta majahazi, kusi ikayarudisha. Ndani yake mna kwenda na kurudi, na mna tarehe zinazotegemewa. Tena miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, huyu ndege yuko kwetu. Kwa hiyo mimi huandika uhamaji wa msimu, na mwenyewe humwita mhamaji wa msimu. Mhamaji peke yake linatosha pale ambapo msomaji ameshajua tunazungumzia nini. Vinginevyo atawaza mfugaji na ng'ombe wake.

Siku ya Ndege Wahamaji Duniani huadhimishwa mara mbili kwa mwaka, Jumamosi ya pili ya Mei na ya Oktoba. Ukiwa Kigali, nenda Nyandungu ile ya Oktoba, asubuhi kabla ya jua kuwa kali, usimame chini ya mgunga. Ile ya Mei atakuwa ameshaondoka.