Jina Mwanzoni mwa Mstari: Kutaja Chanzo katika Historia ya Serengeti

Mwaka 1881 Edward Laurens Mark, mtaalamu wa elimu ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Harvard, alichapisha makala juu ya konokono asiye na gamba, na humo akatia ndani ya mabano mwaka wa maandishi aliyoyategemea, kando ya jina la mwandishi wake. Hapo ndipo wanapopaonyesha wataalamu kuwa mwanzo wa desturi iitwayo mtindo wa Harvard. Mwaka 1978 wahariri wa majarida ya tiba walikutana Vancouver, nchini Kanada, wakaafikiana juu ya desturi nyingine, ya kuweka tarakimu badala ya jina. Mwanafunzi apelekaye mswada wake jaridani huziona desturi hizi kuwa ni adhabu ya nukta na mikato. Malalamiko yake yana haki kiasi, maana wako wahariri wamrudishiao mtu kazi ya miaka miwili kwa ajili ya mkato mmoja.

Wala kutaja chanzo si jambo lililoletwa pwani yetu na merikebu. Wanazuoni wa Hadithi walijua tangu zamani kwamba neno lisilo na sanadi halina miguu ya kusimamia: fulani alipokea kwa fulani, naye kwa fulani. Habari za Pate, zilizosimuliwa na Muhammad bin Fumo Omar Nabahani, maarufu kwa jina la Bwana Kitini, zafuata njia hiyo hiyo, kwa kuwa msimulizi ataja kwamba alizipokea kwa babu yake. Stigand alizitia Kiingereza katika kitabu chake cha 1913, na Alice Werner akazitoa jaridani mwaka 1914 na 1915. Tazama sasa marejeo ya vitabu vingi vilivyofuata: Stigand yumo, na Werner yumo. Bwana Kitini, ambaye maneno ni yake, mara nyingi yumo ndani ya tanbihi tu, na babu yake hayumo kabisa. Sanadi imekatwa pale pale mtindo mpya ulipoanza.

Haifai, hata hivyo, kuudharau mtindo huo, kwani faida yake yaonekana wazi katika nchi ya Serengeti. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walihesabu wanyama kwa ndege mwaka 1958, wakapata nyumbu wapatao 99,000. Talbot na Stewart walihesabu mwaka 1961, wakapata zaidi ya 200,000. Asomaye hesabu hizo bila kujua zimetoka wapi atadhani nyumbu walizaana maradufu kwa miaka mitatu. Aliyepewa jina na mwaka aweza kuziendea makala zenyewe, akaona kwamba eneo lililohesabiwa na namna ya kuhesabu havikuwa sawa. Atagundua pia kwamba hesabu ya 1961 hutajwa kuwa ya 1964, kwa sababu mtindo hushika mwaka wa kuchapwa, si mwaka wa kuona. Ongezeko lenyewe la nyumbu lilikuja baadaye, ugonjwa wa sotoka ulipokwisha kutoweka miongoni mwao katika miaka ya 1960, na kufika 1977 walikuwa wamepita milioni moja.

Lakini nchi hiyo ina habari nyingine zisizotoka kwenye ndege. Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti mkoani Mara, uko magharibi ya Hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1951, na katika vijiji vya jirani wamo Waikoma, Wanata, Waisenye, Wangoreme na Wakuria. Wazee wa huko huyajua majina ya mahali palipo ndani ya Hifadhi, ambapo ramani za watalii huonyesha nyika tupu. Waisenye, kwa mfano, husimulia habari za Nyeberekera, walikokaa wahenga wao kabla ya njaa na vita vya karne ya kumi na tisa kuwatawanya.

Jan Bender Shetler aliwasikiliza wazee hao katika miaka ya 1990, akaandika tasnifu yake ya mwaka 1998, kisha kitabu juu ya kumbukumbu za nchi ya Serengeti mwaka 2007. Tanbihi zake ni mfano mwema: kila mzee ametajwa kwa jina, mahali na tarehe. Alifanya na zaidi ya hayo. Mwaka 2003 alihariri kitabu cha historia zilizoandikwa na wenyeji wenyewe wa Mara ya Kusini. Na hapa pana shida, isiyo kosa lake: mtu mvivu, atakapo kutaja habari ya Wangoreme au ya Waikizu kutoka kitabu hicho, huandika «Shetler 2003» akaendelea na safari yake. Kanuni yamtaka amtangulize mwandishi wa sura, ndipo amtaje mhariri. Kwa uvivu wa mstari mmoja, mtu aliyekusanya habari za wazee wake kwa miaka mingi, akaziandika kwa mkono wake, hupotea tena, kama alivyopotea Bwana Kitini.

Hata jina likitajwa, hutajwa kichwa chini. Orodha hutaka jina la ukoo litangulie, na wengi wetu hatuna jina la ukoo, bali jina la mtu na la baba yake. Shaaban Robert huwekwa chini ya Robert, na kwa hiyo heshima ya vitabu huandikiwa mzazi. Na mwaka je? Wakuria na jirani zao hupanga zama kwa vizazi vya Saai na Chuma, vinavyopokezana. Mzee asemapo jambo lilitendeka wakati wa kizazi fulani, ametaja tarehe, lakini mabano hayana nafasi yake.

Mtindo wa wanasaikolojia wa Marekani, ufuatwao na majarida mengi, uliyaita maneno ya mdomo «mawasiliano binafsi», ukayazuia kuingia katika orodha ya marejeo. Chapa yake ya saba, ya mwishoni mwa 2019, iliongeza maelekezo ya kutaja masimulizi ya wenyeji wa asili kwa jina kamili, taifa na mahali, ingawa yasiyohifadhiwa popote yalibaki nje ya orodha. Mkutubi Lorisia MacLeod wa Kanada alitunga kiolezo kiwaingizacho wazee ndani ya orodha yenyewe, akakieleza katika makala ya mwaka 2021. Mwanafunzi wa Mugumu aweza kukitumia leo, mhariri akikubali.

Limebaki jambo ambalo kiolezo hakiwezi kulitatua. Uwindaji usio na kibali ni kosa la jinai, na watafiti wa nyama ya porini katika vijiji vilivyo kando ya Hifadhi huficha majina ya wale wawaulizao, nao wafanya vema. Basi mzee mmoja aweza kueleza asubuhi habari za Nyeberekera, akitaka jina lake liandikwe ili wajukuu walisome, na jioni akaeleza jinsi mitego ya waya itegwavyo na mapito ya nyumbu yalipo. Maneno ya asubuhi yadai jina, na ya jioni yadai kufichwa. Lakini akitajwa katika makala moja na kufichwa katika nyingine, kwa kijiji kile kile na mwezi ule ule, asomaye zote mbili aweza kumtambua. Mwandishi hana budi kumwuliza mzee mwenyewe kabla ya kuondoka, si baada ya mhariri kudai marejeo.