Kutu Iliyovuka Bahari

Gisenyi haijui majira ya baridi. Mji umekaa ukingoni mwa Ziwa Kivu, karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai blanketi moja jepesi linatosha. Lakini inama utazame chini ya pikapu zinazosubiri zamu ya kuvuka Grande Barrière, kituo cha mpakani, kutoka Rwanda kuingia Goma, Kongo. Kwenye chesisi za baadhi yake utakuta magamba ya kahawia yanayobanduka kwa ukucha, na nyuma, pale springi zinapofungwa, vipande vya chuma vilivyochomelewa juu ya vipande vingine. Uharibifu ule haukuanzia hapa. Ulianzia kwenye barabara za Ubelgiji na Ujerumani, katika miezi ya theluji barabara zinapomwagiwa chumvi, miaka mingi kabla gari halijapakiwa melini.

Kumwaga chumvi barabarani ni jambo la juzi tu. Magari yalipoanza kuenea Marekani na Ulaya, theluji ilisukumwa kwa majembe na barabara zikanyunyiziwa mchanga au majivu ili tairi zishike. Mwaka 1938 jimbo la New Hampshire lilianza kujaribu chumvi kwenye barabara zake kuu, na kufikia majira ya baridi ya 1941 hadi 1942 barabara kuu za Marekani zilikuwa zimepokea takriban tani 5,000. Sababu yake inaeleweka: maji yenye chumvi ya kutosha hayagandi mpaka baridi ifike karibu nyuzi 21 chini ya sifuri, kwa hiyo barafu huyeyuka na lori likapita. Baada ya vita kuu ya pili, nchi hiyo ilipojenga barabara za kasi na watu wakahamia vitongoji vya mbali, hakuna aliyekuwa tayari kusubiri theluji iyeyuke yenyewe. Leo Marekani peke yake humwaga zaidi ya tani milioni 20 kwa mwaka. Ulaya ya kaskazini ilishika desturi hiyohiyo, na Japani iliongeza matumizi ya chumvi baada ya sheria ya 1990 kupiga marufuku tairi zenye misumari, ambazo zilikuwa zikikwangua lami na kujaza miji vumbi.

Chumvi ile haibaki barabarani. Tairi huirusha juu pamoja na tope la theluji, ikaingia kwenye mikunjo ya bodi, kwenye viungio, na hasa ndani ya chesisi. Chesisi ya pikapu ni ngazi ya chuma: mihimili miwili mirefu iliyounganishwa kwa vipande vya kukingama. Katika pikapu nyingi mihimili hiyo ni kama bomba la pembe nne, lenye uwazi ndani na matundu machache ya kutolea maji. Tope la chumvi likishaingia humo, mpira wa maji haulifikii. Tundu la chini likiziba, mhimili unageuka mtungi.

Namna mtungi huo ulivyofika Rubavu, wilaya ya Gisenyi, ni habari ya usukani. Rwanda na Kongo huendesha upande wa kulia wa barabara, urithi wa utawala wa Ubelgiji. Kenya, Uganda na Tanzania huendesha kushoto, urithi wa Uingereza. Kwa muda mrefu magari ya usukani wa kulia kutoka Japani yaliingia Rwanda kupitia Mombasa na Dar es Salaam, kwa kuwa bei yake ilikuwa nafuu na njia imeshazoeleka. Mwaka 2005 serikali ya Rwanda ilizuia uingizaji wa magari hayo. Kuanzia hapo mtu wa Gisenyi aliyetaka pikapu iliyotumika ilibidi aangalie kule kunakoendeshwa kama kwake: Ulaya, Ghuba, Amerika ya Kaskazini. Pikapu ya Dubai haijaona theluji, ingawa pwani ya Ghuba ina hewa ya bahari yenye chumvi na unyevu mzito. Ya Ulaya ya kaskazini imekanyaga chumvi kila mwaka wa umri wake.

Sisemi sheria ile ilikosea. Dereva anayetaka kupita lori kwenye kona za milima ya Rwanda huku ameketi upande usiofaa anahatarisha roho za watu. Ila tulipobadilisha usukani tulibadilisha pia historia ya chuma tunachonunua, na wanunuzi walio wengi hawakuambiwa hivyo. Mtu anafungua boneti, anasikiliza injini, anapiga tairi teke, anaangalia rangi, analipa. Chini ya gari hajafika.

Kisayansi, kutu ilichelewa kueleweka. Katika miaka ya 1920 Ulick Evans, mwanakemia wa Cambridge, alionyesha kwamba kuoza kwa chuma ni kazi ya umeme: sehemu moja ya chuma inatoa, nyingine inapokea, na unyevu ulio juu yake ndio waya. Maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji matupu, ndiyo maana chumvi huharakisha mambo. Mwingereza mwenzake, W. H. J. Vernon, aliweka chuma katika hewa aliyoipima unyevu na moshi wake. Aligundua kwamba hewa ikiwa na dioksidi ya salfa, hata kidogo sana, chuma hukaa salama mpaka unyevu ufike karibu asilimia 60, kisha ghafla huanza kuoza kwa kasi. Vernon alikuwa anafikiria moshi wa makaa ya mawe wa London. Hesabu yake inaufaa vilevile mji uliolala chini ya volkano ya Nyiragongo.

Mlima huo wenye urefu wa mita 3,470 umekuwa miongoni mwa vyanzo vikubwa kabisa vya dioksidi ya salfa duniani. Tarehe 17 Januari 2002 uji wake wa moto uliteremka hadi katikati ya Goma, ukakata uwanja wa ndege na kuingia ziwani, na mamia ya maelfu ya watu wakakimbilia Gisenyi. Baada ya hapo ziwa la uji wa moto lilijikusanya upya ndani ya kreta na likaendelea kutoa moshi karibu miaka 20, mpaka mlipuko wa tarehe 22 Mei 2021 ulipolimwaga. Jirani yake Nyamulagira naye ana moshi wake. Pamoja na salfa, milima hiyo hutoa gesi za klorini na florini. Mvua inapopita ndani ya moshi huo hushuka ikiwa tindikali. Katika vijiji vya upande wa magharibi watu hunywa maji ya mvua yanayokingwa kwenye mapaa, na florini huacha madoa ya kahawia kwenye meno ya watoto. Mabati ya mapaa hayohayo hutoboka mapema.

Hapa upepo una neno. Kwa kawaida huvuma kutoka mashariki, ukiusukuma moshi kuelekea Rusayo, Sake na Masisi upande wa Kongo, hivyo Gisenyi hunusurika siku nyingi. Ila pikapu hainusuriki, maana kazi yake ni kuvuka. Wachuuzi wa miguu hupita kituo kingine cha mpakani, Petite Barrière, na Grande Barrière, kando ya ziwa, ni njia ya magari. Gari linalolala Rubavu na kushinda upande wa Sake linarudi jioni limelowa mvua ileile inayokula mabati. Njiani limepigwa kwa saa kadhaa na kokoto za mawe meusi ya volkano, yenye ncha kali, yanayochubua rangi ya chini kama msasa. 

Kwa hiyo pikapu iliyotoka Ulaya hukutana hapa na maadui wawili kwa pamoja. Chumvi ya kale imejificha ndani ya mhimili, tindikali mpya inashuka kutoka juu. Chumvi nayo haifi kwa kukauka. Chumvi ya kawaida huanza kunywa maji ya hewani unyevu ukifika karibu asilimia 75, kiwango ambacho usiku wa kando ya Kivu hufika bila taabu. Kloridi ya kalsiamu, inayomwagwa pia barabarani Ulaya na Japani, hunywa maji kwenye unyevu wa chini zaidi, karibu asilimia 30. Gari linaweza kukaa Rubavu miaka bila kugusa theluji na bado kila alfajiri chesisi yake ikalowa kwa ndani.

Watu hulilaumu sana Ziwa Kivu, wakidhani kuosha gari kwa maji yake kunaleta kutu kwa sababu yana chumvi. Maji ya juu ya Kivu yana takriban gramu 1 ya chumvi katika lita, na nyingi ni za jamii ya magadi, wakati bahari ina karibu gramu 35. Tena maji ya Kivu huelekea kwenye ubesi, kinyume cha tindikali. Sababu ya kutoosha gari ziwani ni nyingine, nayo ni nzito: oili na grisi huingia kwenye maji wanayotumia watu na samaki.

Kwamba chesisi ndiyo mahali pa kufia pikapu, Toyota yenyewe ililipia somo hilo. Pikapu zake za Tacoma zilizouzwa Amerika ya Kaskazini kuanzia 1995 zilianza kutoboka mihimili katika majimbo ya chumvi. Mwaka 2008 kampuni ilijitolea kununua tena zilizooza vibaya kwa mara moja na nusu ya thamani yake sokoni. Mwaka 2016, bila kukiri kosa, ilikubali suluhu ya kesi iliyokadiriwa kufikia dola bilioni 3.4, ikihusu Tacoma, Tundra na Sequoia zipatazo milioni 1.5. Gari likisifiwa kwa uimara wa injini, ni rahisi kusahau kwamba injini hiyo imebebwa na kitu.

Kinga zipo tangu zamani. Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel alipata hataza ya kuchovya chuma katika zinki iliyoyeyushwa, na mabati yetu yametoka huko: zinki hukubali kuliwa kwanza ili chuma kipone. Katika miaka ya 1940 jeshi la majini la Marekani lilipata mafuta yaliyotengenezwa kwa nta ya sufi ya kondoo, yenye kunata na kutambaa mpaka kwenye nyufa. Kurt Ziebart, fundi Mjerumani aliyehamia Detroit, alianza katika miaka ya 1950 kutoboa matundu madogo kwenye bodi na kupulizia dawa ya kuzuia kutu ndani ya mikunjo. Ford mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilianza kuchovya bodi katika rangi inayovutwa na umeme, na rangi hiyo ikafika penye kona zisizofikiwa na brashi. Lakini bodi ndizo zilizofaidi. Chesisi nyingi za pikapu ziliendelea kupakwa rangi nyeusi tu na kuachwa zipambane.

Gereji za mpakani zina kinga yake: oili chafu iliyomwagwa kutoka injini, ikipakwa kwa tambara au kupulizwa kwa kompresa. Ni bure, na nimeona mihimili iliyodumu kwa sababu yake. Hata hivyo siipendekezi. Oili iliyotumika ina tindikali na madini yaliyosagika, hutonea chini na mvua huipeleka ziwani, na huvimbisha bushi za raba. Grisi safi au nta ya makopo hugharimu zaidi na haina madhara hayo. Lami nzito nyeusi naiogopa kuliko oili chafu. Ikipakwa juu ya kutu inaonekana safi siku ya kuuza, na nyuma yake unyevu umefungiwa. Ukiona chesisi ya gari la miaka 15 inang'aa nyeusi pasipo mkwaruzo, anza kuuliza.

Fundi mzuri haanzi na macho, anaanza na nyundo ndogo. Anapita akigonga mhimili kuanzia chini ya mlango kwenda nyuma, mkono mmoja ukifuata kwa vidole. Chuma kizima hulia, kilichooza hujibu kwa sauti butu na vumbi jekundu likamwagika kutoka tundu la chini. Anakaza kugonga sehemu tatu: vishikizo vya springi za nyuma, kipande cha kukingama juu ya tairi la akiba, na pale mhimili unapopinda kupita ekseli. Kisha anapitisha waya kwenye kila tundu la maji mpaka tope litoke. Kinachofuata ni maji matamu kwa wingi, ya bomba au ya mto Sebeya yaliyochotwa na kuletwa gereji, yakisukumwa ndani ya mhimili mpaka yatoke meupe.

Baada ya hapo ni kusubiri, na ndipo wengi wanapokosea. Dawa ikipulizwa kwenye chuma kibichi hufungia maji ndani. Kwa hiyo mafundi wanaojua hupanga kazi hii kiangazi, kati ya Juni na Agosti. Gari huegeshwa mteremkoni likiangalia chini siku ya kwanza na kugeuzwa siku ya pili ili matone ya mwisho yatoke pande zote. Ndipo kutu hukwanguliwa kwa brashi ya waya, rangi ya zinki hupakwa kwa nje, na nta hupulizwa ndani kwa mrija mrefu kupitia matundu yaleyale. Matundu yanaachwa wazi. Mwaka unaofuata, kabla ya mvua za Septemba, nyundo inarudi.