Meza ya Ukutani

Hafla ya tuzo za Oscar ilianza kama karamu ya watu wa kazi moja. Tarehe 16 Mei 1929 walikutana katika Hoteli ya Roosevelt, Hollywood, wakala chakula, na tuzo zote zikagawiwa kwa muda wa kama dakika 15. Majina ya washindi yalikuwa yamekwishatangazwa miezi mitatu nyuma; basi hapakuwa na aliyekwenda kusikiliza habari mpya. Walikwenda kuonana, na kuonekana wamekaa na nani.

Hilo la nani akae na nani ndilo linaloufanya usiku wa tarehe 29 Februari 1940 usisahaulike. Karamu ilikuwa katika ukumbi wa Cocoanut Grove, ndani ya Hoteli ya Ambassador, Los Angeles. Filamu iliyotawala ni Gone with the Wind, kisa cha karibu saa nne juu ya kusini mwa Marekani wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Miongoni mwa washindi wake alikuwamo Hattie McDaniel, aliyeigiza Mammy, mjakazi wa nyumba ya bwana. Kabla yake hakuna mtu mweusi aliyepata kupewa tuzo hiyo.

Hoteli ile haikuwa ikipokea watu weusi. Mtayarishaji David O. Selznick alilazimika kumwombea ruhusa ya kuingia. Akaingia, maua ya gardenia nyweleni, akaonyeshwa kijimeza kilichowekwa ukutani, mbali na wenziwe wa filamu ile ile. Jina lake lilipotajwa alitoka ukutani akapanda jukwaani, akashukuru huku machozi yakimlenga, kisha akarudi pale pale. Katika taarabu, msikilizaji aliyeguswa huinuka mwenyewe akamfuata mwimbaji alipo, akamtunza mkononi. Ni kweli kwamba huko Hollywood kila mshindi huifuata tuzo yake. Lakini safari ya McDaniel ilikuwa ndefu kuliko ya wengine wote.

Filamu yenyewe hakupata kuitazama na wenziwe ilipozinduliwa Atlanta, tarehe 15 Desemba 1939. Sheria za Georgia ziliwatenga weusi na weupe, na waigizaji weusi hawakuhudhuria. Inasimuliwa kuwa Clark Gable alitishia kususa, na McDaniel mwenyewe ndiye aliyemsihi aende.

Weusi wenziwe nao hawakumpigia makofi wote. Wako waliosema kuwa Mammy anaupamba utumwa, na lawama hiyo haikuwa ya bure: katika filamu ile mtumwa humpenda bwana wake kuliko nafsi yake. Lakini kumbebesha mwanamke mmoja, ambaye wazazi wake walizaliwa utumwani, deni la studio nzima ni kumwonea. Majukumu aliyokuwa akipewa yalikuwa ya ujakazi, na hayo hakuyaandika yeye.

Ikapita miaka 74. Tarehe 2 Machi 2014, Afrika Mashariki ikiwa ni alfajiri ya siku ya pili yake, Lupita Nyong'o, binti wa Kenya, alipokea tuzo ya aina ile ile, ya mwigizaji msaidizi wa kike. Naye alikuwa ameigiza mtumwa: Patsey, wa mashamba ya pamba ya Louisiana, katika 12 Years a Slave. Patsey hana cha kumpendea bwana wake. Jukwaani Lupita alimkumbuka mwanamke huyo, akakiri kuwa furaha yake imetokana na maumivu ya mwingine. Kwa mtazamaji wa kisiwa ambacho soko lake la watumwa lilifungwa mwaka 1873, maneno hayo hayakuhitaji mkalimani.

McDaniel alifariki tarehe 26 Oktoba 1952. Alitaka azikwe katika makaburi ya Hollywood. Yakamkataa kwa rangi yake, akazikwa kwengine. Tuzo yake, ambayo haikuwa sanamu bali kibao, maana waigizaji wasaidizi wa wakati ule walipewa vibao, aliiusia Chuo Kikuu cha Howard, Washington. Huko ikapotea, na haikuonekana tena. Tarehe 1 Oktoba 2023 Academy ilikikabidhi chuo hicho kibao kingine.