Mkusanyaji na Hatima ya Matini: Vitabu vya William Blake

Katika historia ya fasihi, mkusanyaji wa vitabu huchukuliwa kuwa mtunzaji tu: hupokea kazi iliyokwisha kukamilika na kuihifadhi. Vitabu vya William Blake (1757–1827), mshairi na mchonga mabamba wa London, vinaitia dosari dhana hiyo.

Blake aliandika mashairi na kuchora picha juu ya bamba moja la shaba, kwa kimiminika kisicholiwa na asidi. Herufi aliziandika kinyume ili zisomeke baada ya kuchapwa. Asidi ilipokula sehemu zilizoachwa wazi, neno na picha vilibaki vimeinuka pamoja, tayari kupakwa wino. Yeye na mkewe, Catherine, walichapa kurasa na kuzitia rangi kwa mkono. Kwa hiyo nakala hazilingani: rangi hutofautiana, na katika Songs of Innocence and of Experience (1794) hata mpangilio wa mashairi hubadilika.

Upekee huo uliwavutia wanunuzi, lakini si wote waliovutiwa na ushairi. Mnamo 1796 Blake alimtayarishia mchoraji Ozias Humphry mikusanyo miwili ya picha kutoka katika vitabu vyake, maandishi yakiwa yameondolewa. Katika barua yake ya 1818 kwa Dawson Turner, alikiri kwamba uteuzi huo ulipoteza baadhi ya mambo yaliyo bora zaidi. Ungamo hilo lina uzito: msanii mwenyewe aliihesabu picha isiyo na shairi lake kuwa pungufu, ilhali ndiyo iliyotakiwa na mnunuzi.

Kinyume chake, wakusanyaji waliohifadhi nakala nzima waliuachia utafiti ushahidi. Lessing Rosenwald alianza mwaka 1943 kuikabidhi hazina yake kwa Maktaba ya Bunge la Marekani. Mwaka 1993 Joseph Viscomi, kwa kulinganisha karatasi, wino na rangi za nakala mbalimbali, alionyesha kuwa Blake alichapa nakala kadhaa kwa mkupuo, wala hakungoja kila mteja aagize yake.

Wahakiki wa miswada ya tenzi iliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu wanalifahamu tatizo la nakala zinazotofautiana. Mfano wa Blake unaongeza tahadhari moja: mhariri anayeteua nakala ya kuitegemea hurithi pia uteuzi wa yule aliyeihifadhi.