Jina Limehama, Mnyororo Umebaki

Mwambie mtu wa Chang'ombe, Dar es Salaam, mkutane Uwanja wa Taifa, atakuuliza: upi? Jina hilo lilikuwa la uwanja wa 1961. Ulipojengwa mwingine ubavuni likahamia huko, mkongwe ukawa Uwanja wa Uhuru. Mwaka 2020 ule mpya nao ukaitwa Benjamin Mkapa. Ila ukisema Shamba la Bibi, jina la utani la ule mkongwe, hapotei mtu.

Mkanganyiko kama huo umo katika maandishi ya Ziwa Victoria, kwenye diatomu. Hizi ni mwani wa seli moja, wenye ganda la silika, malighafi ileile ya kioo: vipande viwili, kimoja kikikifunika kingine kama kopo na kifuniko chake. Mwaka 1904 Mjerumani Otto Müller aliipa moja jina Melosira nyassensis, kutokana na Ziwa Nyasa. Melosira ni Kigiriki: kiungo na mnyororo, kwa kuwa seli zake hushikana kichwa kwa mguu. Mwaka 1979 Reimer Simonsen akazihamisha spishi nyingi za maji baridi hadi jenasi Aulacoseira: mfuo na mnyororo. Sababu iko kwenye ganda. Melosira hushikana kwa ute. Hizi hushikana kwa miiba, nayo imepishana kama vidole vya mikono miwili. Mnyororo ukabaki jinani.

Nyassensis nayo haikuguswa, hata s zake mbili, maana kanuni huheshimu alivyoandika mtoa jina. Kiambishi -ensis ni a-unganifu yetu: "ya Nyasa". Na kwa Wayao nyasa ni ziwa lenyewe, kwa hiyo jina zima lasema tu "ya ziwani". Kwangu hilo ni jina zuri mno.

Tatizo ni hili. Maandishi ya miaka ya 1960 yanasema Ziwa Victoria limejaa Melosira. Ya miaka ya 1990 yanasema Aulacoseira imepungua, Nitzschia na mwani wa bluu-kijani wametawala. Mwanafunzi asiyeambiwa atadhani Melosira na Aulacoseira ni viumbe wawili tofauti. Kumbe jina lilibadilika kwenye karatasi, na kiumbe kikapungua kweli majini: fosforasi ilizidi, diatomu zikastawi, zikazama na silika yao, silika ikaadimika. Badiliko la kwanza ni la istilahi. La pili ni msiba wa ziwa. Kuyachanganya ni kuuficha msiba.

Neno ngeli tunalitumia kwa nomino na kwa viumbe pia, na Mswahili anajua kwamba nomino ikibadilika, upatanisho hufuata. Basi nawaomba walimu, hasa wanaofunzwa hapa Chang'ombe, kwenye chuo cha ualimu cha zamani ambacho tangu 2005 ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam (DUCE): mnapoandika Aulacoseira ubaoni, ongezeni "zamani Melosira". Na tuwe na jina letu la kila siku, lisilohama. Mimi napendekeza mwani-kioo.