Vitambaa vya Calicut na Maneno Yaliyosafiri Navyo

Baadhi ya maneno ya lugha za India yaliingia katika Kiingereza kabla Waingereza hawajawa na kituo hata kimoja katika nchi hiyo, nayo yalipita kwanza vinywani mwa Wareno, ambao tangu Vasco da Gama alipofika Calicut mwaka 1498, akiongozwa na rubani aliyempata Malindi, walikuwa wametangulia wenzao wa Ulaya katika biashara ya pwani ya Malabar. Ndivyo embe lilivyopata jina lake la Kiingereza, mango, ambalo asili yake ni lugha za kusini mwa India. Kampuni ya India Mashariki, iliyopewa hati ya kifalme siku ya mwisho ya mwaka 1600, ilipojijenga Surat, Madras, Bombay na hatimaye Calcutta, maneno yalianza kuchukuliwa moja kwa moja kutoka kwa wenyeji, na kwa kuwa bidhaa iliyowaletea Waingereza faida kubwa ilikuwa nguo, msamiati wa nguo ndio uliotajirika mapema.

Calico, kitambaa cha pamba cha kawaida, kilipewa jina la bandari ya Calicut, ingawa kilifumwa katika sehemu nyingi za India. Dungaree, ambalo leo ni jina la suruali ya kazi yenye mikanda ya mabegani, lilikuwa jina la kitambaa kizito cha bei nafuu, na huhusishwa na Dongri, mtaa wa Bombay. Bandanna limetokana na kitenzi cha Kihindi chenye maana ya kufunga, kwa sababu mafundi walikifunga kitambaa mafundomafundo kwa uzi kabla ya kukichovya katika rangi, na palipobanwa na uzi pakabaki na madoa meupe. Historia ya chintz, pamba yenye nakshi za maua, inachekesha kidogo: neno la asili ni chint, Waingereza wakaliongezea s ya wingi, kisha wakasahau walichokifanya na kuuchukua wingi huo kuwa umoja, hata ile s ikaishia kuandikwa z.

Vitambaa hivyo vilipendwa mno, kwa kuwa rangi zake hazikuchuja vilipofuliwa na bei yake ilikuwa chini ya ile ya hariri. Wafumaji wa sufu na hariri wa Uingereza waliona riziki yao ikitoweka. Bunge likapiga marufuku mwaka 1700 uingizaji wa pamba za nakshi kwa matumizi ya nchini, na mwaka 1719 wafumaji wa London wakawashambulia barabarani wanawake waliovaa calico na kuwararulia nguo, hadi sheria ya mwaka 1721 ilipokataza hata kuzivaa. Baadaye mashine za Lancashire ziliiga ufundi wa India na kuufanya rahisi, na kivumishi kilichozaliwa na chintz kikaja kumaanisha kitu duni kisicho na ladha. Hukumu isiyo ya haki, kwani uduni huo haukutoka kwa mafundi wa India.

Shampoo nalo lilibadilika sana. Asili yake ni amri ya Kihindi, champo, yaani kanda au minya, na kwa Waingereza wa karne ya 18 lilimaanisha kukandwa mwili. Aliyelipa umaarufu ni Sake Dean Mahomed, mzaliwa wa Patna aliyewahi kutumikia jeshi la Kampuni, ambaye katika miaka ya 1810 alifungua bafu za mvuke mjini Brighton na kuwahudumia wafalme George IV na William IV. Maana ya kuosha nywele ilienea baadaye, katika karne ya 19.

Kadiri Kampuni ilivyogeuka kutoka mfanyabiashara kuwa mtawala, hasa baada ya vita vya Plassey vya mwaka 1757, ndivyo maneno yaliyokopwa yalivyochukua sura ya dola na jeshi. Loot, yaani ngawira au uporaji, ni neno la Kihindi, na halihitaji maelezo marefu. Khaki, neno la Kiurdu lenye asili ya Kiajemi, maana yake ni rangi ya vumbi. Afisa Harry Lumsden aliwavika rangi hiyo askari wa kikosi chake kilichoundwa Peshawar mwaka 1846, wakati wenzao wengi wakiendelea kupigana katika koti jekundu lililoonekana kutoka mbali. Henry Yule na Arthur Burnell walikusanya maneno ya namna hii katika kamusi yao ya mwaka 1886, Hobson-Jobson, ambayo jina lake ni kilio cha waombolezaji wa Muharram, "Ya Hasan! Ya Husain!", kama kilivyosikika masikioni mwa askari wa Kiingereza.

Kiswahili kimeyapokea baadhi ya maneno haya kwa mkono wa Waingereza, kama shampuu, au kaki iliyovaliwa na askari wa King's African Rifles, kikosi kilichoundwa mwaka 1902. Gunia, ambalo ni ndugu wa gunny la Kiingereza, pamoja na laki na gari, hayakuhitaji kuzunguka London, kwa sababu majahazi ya Gujarat yalikuwa yakitia nanga Zanzibar na Mombasa muda mrefu kabla ya meli za Kiingereza.